Sifuri ya Ruba

Jumapili, 8 Desemba

Mitihani ya mdomo leo, somo la Dini ya Jirani. Utaratibu nimeutunga mwenyewe na bado naupenda: Mkristo anasimama kama Mwislamu, Mwislamu anasimama kama Mkristo, na wenye dini ndio wanaouliza. Kijana mmoja wetu, Mwislamu, alisema Pasaka ni siku aliyozaliwa Yesu. Abuna Rafail, padri wao, alicheka mpaka akavua miwani. Nikampa arubaini, ya huruma.

Kisha Ruba. Mkristo wa hapa hapa Karak, kimya, hakosi kipindi. Sheikh Nawaf alimbana hasa — udhu, zaka, nguzo moja moja. Alipofika kwenye shahada aliitamka yote, taratibu, macho mbele. Sheikh akasema huyu binti anafaa kumfundishia wanawe. Tisini na sita! Sijawahi kutoa alama hiyo.

Jumatatu, 9 Desemba

Mtu alirekodi kwa simu. Tena imekatwa mwanzo na mwisho. Hakuna mtihani, hakuna Abuna, hakuna mimi. Ni Ruba na shahada tu. Inazunguka WhatsApp tangu jana jioni, na watu asiowajua wanamtumia hongera: mabruk, karibu kwenye nuru, dada.

Mke wangu, Um Laith, alinionyesha jikoni, hajui kama ni mwanafunzi wangu. Machozi yanamtoka.

"Mtu hasemi vile kama moyo haumo," alisema.

Nikamwambia moyo ulikuwa kwenye alama. "Wanaume nyie!" akasema, akarudi kwenye dengu zake.

Jumatano, 11 Desemba

Ruba haji chuoni. Nimemwendea Sheikh Nawaf. Jibu lake halikuwa na shaka: anayesimulia si anayeshuhudia, hakuna mtu anayesilimu kwa mtihani. Vizuri. Basi Ruba ajitokeze aseme hivyo?

Sheikh alishika kichwa. "Asithubutu! Akinyamaza watamhesabu wa kwetu. Akikana, watasema kaingia Uislamu na katoka. Na hilo la kutoka, Daktari, wewe unalijua lilivyo."

Nalijua. Nikauliza, sasa afanye nini? Akasema amwombe Mungu. Nilijizuia nisiulize kwa sala ipi.

Wazazi wa Shadi, mchumba wake, wametuma ujumbe: harusi ilikuwa baada ya Krismasi, sasa isubiri mpaka mambo yaeleweke. Wakristo wanamwogopa, Waislamu wanamshangilia. Mimi nilitaka waelewane.

Jumamosi, 14 Desemba

Jaha imekuja, ujumbe wa wazee wa kuombea jambo. Wazee wa ukoo wa Ruba, wamevaa majoho, na wazee wawili wa kwetu wamewasindikiza ili nisipate pa kukimbilia. Mwanangu Laith akamimina kahawa. Abu Sami, babu yake Ruba, alipokea kikombe akakiweka mezani. Hakunywa. Na wenzake wote vivyo hivyo.

"Kahawa yako tutainywa, Abu Laith, ukitupa tulichofuata."

Nikasema semeni.

"Mfelishe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza polepole, kama mtu anayepima kiwanja. Nikitangaza kwamba ulikuwa mtihani, watu watasema na moyo ulikuwamo. Lakini nikitangaza kwamba alishindwa mtihani, watacheka, na kitu kikishachekwa hakigombaniwi tena. "Binti aliyepata sifuri kwenye Uislamu! Nani atamdai huyo?"

Wazee wa kwetu waliitikia kwa vichwa. Mzee ana akili, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikasema binti alikuwa wa kwanza darasani. Abu Sami akasema anajua, ndiye aliyemfundisha kusoma.

Kahawa ilikuwa inapoa. Mgeni akiondoka amekiacha kikombe chake mezani kimejaa, jina lako mjini limekwisha. Nikasema nimekubali. Wakanywa wote kwa mpigo mmoja. Niliona aibu, na hapo hapo nikaona nafuu. Naandika yote mawili.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeandika sifuri, na matokeo yamebandikwa ubaoni.

Jumatatu, 16 Desemba

Imefanya kazi. Mwenye duka la mikate amenisimulia habari za msichana aliyeshindwa hata nguzo tano, akacheka mpaka unga ukaruka. Sheikh Nawaf hanipokelei simu. Um Laith anasema alijua tangu mwanzo kwamba yule binti anaigiza tu. Harusi iko palepale.

Jumanne, 17 Desemba

Ruba yuko ofisini kwangu. Ameingia bila hodi, yeye anayebisha hata mlango ulio wazi. Anataka kujua alikosea wapi. Amemuuliza Sheikh, Sheikh kamwambia muulize mwalimu wako. Babu yake hajamwambia neno. Mabinti hawaelezwi mambo ya jaha.

Nimemweleza yote. Kikombe, wazee, harusi. Nilidhani angelia.

"Harusi ni yangu, Daktari. Sifuri ni yako."

Nikamwambia avumilie mpaka aolewe, nitairekebisha kimyakimya.

"Nimesoma mwaka mzima nisije nikaisema vibaya dini ya majirani zangu," alisema. "Na wewe umeandika kwamba nimeisema vibaya. Wewe!"

Nikauliza anataka nini.

Anataka kuulizwa upya. Leo, hapa hapa. Ameufungua mlango mpaka mwisho na kuuwekea kiti usijifunge. Wanafunzi wamekwisha kusimama koridoni, na simu zao mkononi. Nimemwambia anajua fika litakalofuata akiitamka shahada tena. Amesema anajua, nianze.

Amekaa mbele yangu, mikono magotini. Nimechukua kalamu. Anadhani naandika maswali, kumbe naandika haya.