Ngumi ya Mzee Arvid

Kambi ya Ziwa Halfway,
Michigan Kaskazini.
15 Februari, 1995

Mpendwa Dada Oleta,

Pokea salamu zangu, wewe na wote hapo Kentucky. Mgongo wako unaendeleaje tangu uanze kumwinua Mama peke yako? Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mguu vimekufa ganzi, na kikohozi cha moshi wa injini hakiniachi. Theluji imefika madirishani.

Barua yako niliipata. Niliposoma kwamba Mama ananiita akidhani niko jikoni, na kwamba daktari hatarajii aione masika, niliikunja nikaitia ndani ya kofia, nikaenda kumwomba Verne ruhusa. Verne ndiye mwenye kambi. Alinisikiliza, akanimiminia kahawa, akasema nivumilie mpaka barafu itoke ziwani. Huo ni mwisho wa Aprili, dada. Nikamwomba tena. Akanipiga begani akicheka: "Ukiondoka wewe, nani atakuwa mkia?"

Mkia ndilo jina langu hapa. Kila Jumamosi watu huja na pikipiki zao za theluji za zamani, nyingine zimetengenezwa mimi bado navaa kaptula, tukaingia nazo msituni kwa msafara mmoja. Verne anaongoza. Mimi ni wa mwisho, nikibeba kamba, plagi na mikanda ya injini ya akiba. Aliyekwama namkwamua, aliyezimikiwa namvuta. Mchana tunakula soseji tulizozipasha moto juu ya injini, nao wananitania eti leo Mkia umekatikia wapi. Ni watu wema. Ndiyo shida yenyewe.

Barabara ya magari haifiki hapa wakati wa baridi. Bila pikipiki hutoki, na pikipiki ninayopanda ni ya Verne. Simu iko jikoni kwake, kila mtu anasikia. Asubuhi nikiamka naona weupe pande zote, nahisi kama nimefunikwa sufuria.

Basi, Jumamosi iliyopita niliamua kutoroka. Kwenye njia panda karibu na daraja, njia moja inashuka mpaka duka la mafuta ambako basi la kusini husimama. Nilifunga mfuko wangu nyuma ya kiti, nikangoja wenzangu wapinde kona, nikashika njia yangu.

Nilisahau jambo moja ambalo hata watoto wa huku hawalisahau. Njia ni nyembamba, kwa hiyo misafara miwili ikikutana, kila mtu huonyesha kwa vidole wangapi wako nyuma yake. Wa mwisho hukunja ngumi, maana yake nimefunga, piteni. Anayenitangulia siku zote ni Mzee Arvid, fundi wetu. Siku ile alikutana na msafara wa watu wa mjini, akainua kidole kimoja. Hicho kidole ni mimi.

Wale watu wakangoja ngumi yangu. Haikuja. Wakageuza pikipiki zao, wakamfuata Verne, na misafara yote miwili ikageuka kunitafuta.

Mimi mkanda ulikuwa umenikatikia katikati ya msitu, na ule wa akiba nilikuwa nimempa mgeni mmoja asubuhi. Nimekaa kwenye kiti, nasikia ngurumo zinakuja. Sijawahi kuogopa sauti ya watu wema kama siku ile.

Verne alivua glavu zake mwenyewe za ngozi akanivisha. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hatumwachi mtu nyuma, Mkia," alisema. "Hata wewe na sura yako hiyo." Wote wakacheka, mmoja akanipa supu ya chupa. Ningewaambiaje kwamba nilikuwa nawakimbia? Nikasema nimepotea njia.

Mzee Arvid hakucheka. Aliutazama mfuko wangu, ncha za viatu zikichungulia.

Jumatatu tulikuwa bandani tunasugua plagi. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Hivi mtu aliyepotea hubeba viatu vya kanisani?"

Nikamweleza habari za Mama, zote. Akamaliza kusugua plagi ile na nyingine. Akasema tangu ujana wake hajawahi kukunja ngumi ya uongo, kwa sababu huku ngumi ya uongo humwacha mtu agande. Nikamwambia najua, sikuombi. Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Jumamosi hii nitakunja, kana kwamba wa mwisho ni mimi," alisema. "Lakini ukifika dukani mpigie mke wangu. Nikifika kwenye kituo cha chakula chenye simu, nikimpigia nikasikia hujafika, namwambia Verne kila kitu, na tunakuja kukuchukua. Umenielewa, kijana?"

Nimeweka mkanda mpya na wa akiba, na safari hii simpi mtu. Pikipiki nitaiacha dukani, na ndani ya kiti glavu za Verne na maneno machache ya kuomba radhi. Sina hakika atayapokea. Barua hii anaichukua mgeni anayerudi mjini leo.

Nisalimie shemeji Harlan, Shangazi Vesta, na watoto wako, hasa Lonnie aliyenichorea farasi. Mungu awape nguvu ya kuamka usiku kwa ajili ya Mama, na mimi anipe njia iliyo wazi.

Mama zamani alikuwa hafungi mlango mpaka atuhesabu sote, na wa mwisho nilikuwa mimi. Usiku akiuliza kama watoto wote wamefika, dada, usimkunjie ngumi. Mwinulie kidole kimoja.

Mdogo wako akupendaye, aliye njiani,
Delmer