Ilikokwenda Sukari ya Mama Mwanatumu

Mama yetu Mwanatumu Chirau, mwaka umetimia tangu kiharusi kilipokuchukua ukiwa umekaa barazani kwako Mkongani. Yako maneno yaliyosemwa matangani kwako ambayo inatupasa tuyafute hadharani, kwa sababu hayakuwa ya kweli.

Miaka ishirini na sita uliangalia maabara ya shule huko Matuga, na ulipostaafu ukaihamishia kazi jikoni. Ulikuwa mtu wa salamu ndefu na majibu mafupi. Ukiulizwa kama mvua itanyesha, wajibu, "Sijapima." Ukiulizwa kama wali umeiva, hujapima. Tulikucheka sana kwa hilo.

Kazi yenyewe tuliijua juu juu tu. Ulikinga utomvu wa papai bichi, wenye kile kimeng'enya kinacholainisha nyama, ukauchanganya na uji wa mwani, kisha ukaudondosha kwenye maji ya chumvi hadi ukaganda punje punje, kimeng'enya kimefungiwa ndani. Punje zikitiwa kwenye tui, mafuta yalijitenga bila kuchemshwa, nazo zikasuuzwa na kutumika tena. Ila zikishakaushwa, hazimalizi wiki, zimekufa. Ukawa unatafuta cha kuongezea ili zidumu. Ndimu ilizilegeza. Asali, uliyoitegemea sana, ikazimaliza upesi zaidi.

Ndipo sukari ikaanza kupungua kwenye kopo. Wewe ulikuwa na kisukari, na mwanao Warda, mpishi wa hoteli huko Diani, alikuwa akija nyumbani kila Ijumaa na kulikagua kopo kabla hata hajavua viatu.

"Shikamoo Mama. Sukari imekwenda wapi?"

"Marahaba. Imo kazini."

"Kazi gani hiyo, na daktari amekukataza?"

"Ngoja nipime, mwanangu. Nikishapima nitakwambia."

Warda hakungoja. Alilifungia kopo kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Ijumaa iliyofuata akakuta pakiti ya robo kilo nyuma ya mtungi, na hakukusemesha siku mbili. Ulipofariki, alisema mbele ya waombolezaji wote, "Mama amejiua mwenyewe kwa kuiba sukari." Sisi wengine tuliinamisha vichwa, na hakuna aliyekutetea.

Mwezi uliopita, tukisafisha chumba chako kwa ajili ya hitima, Warda alikuta chupa mbili za punje kavu, na daftari lako chini yake. Ukurasa wa mwisho uliuandika wiki tatu kabla hujatuacha: "Chupa ya kwanza, bila kitu. Ya pili, sukari vijiko viwili. Zisiguswe mwaka mzima. Kisha zipimwe kwa tui, nimwambie Warda."

Mwaka ulikuwa umetimia siku mbili nyuma. Warda alikuna nazi, akakamua tui, akaligawa katika mabakuli mawili, kila moja na punje za chupa yake, akakaa nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri. La kwanza lilibaki tui vilevile. Katika la pili mafuta yalijitenga, yakakaa juu, safi kabisa. Alilia palepale jikoni akikuomba radhi kwa sauti. Yeye ndiye aliyetutaka tuandike haya, na maneno aliyoyasema matangani akasisitiza yaandikwe kama alivyoyasema.

Basi waliokuwepo siku ile wajue kwamba Mama hakuwa akila sukari kwa siri. Aliitia kwenye punje zake, na punje zimeishi muda mrefu kuliko yeye.

Wanaokukumbuka ni mumeo Kheri, wanao Swabir na Warda, mkaza mwanao Kahaso, na wajukuu wako. Mwenyezi Mungu akurehemu, akulaze pema. Kopo limerudi mezani na halifungwi tena. Hatutakusahau, Mama, na hilo tunalisema bila kupima.