Matone Matatu ya Mafuta

Tarehe 2 Desemba

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka na magoti yote mawili. Mimi ni mzima, ila mikono imebabuka tena. Mwezi huu hapa kiwanda cha dobi wamenihamishia kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka ya hospitali, na ule mvuke haujui kubembeleza.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Wewe sikio moja lililiwa na vyerehani vya watu, mimi subira yangu imeliwa na kazi. Barua angalau inampa mtu nafasi ya kumeza mate kabla ya kujibu.

Shule ya binti yangu Hakimu, kama ulivyompachika jina wewe kwa kupenda kwake kuhukumu, imetoa taarifa. Muhula wa Januari kila mtoto wa darasa la tano aje na kompyuta mpakato yake, kazi zote watafanyia humo. Nimekutumia pesa. Zinatosha kununua kompyuta nzuri ya mtumba, hazitoshi kununua makosa. Kumbukumbu yake iwe gigabaiti nane, isipungue. Betri ikae saa nne bila umeme. Bawaba ziwe ngumu, maana mtoto ataifungua na kuifunga kama mlango wa choo. Isiwe nzito, ataibeba mgongoni. Iwe na garantii ya maandishi. Na nenda na Hakimu mwenyewe, yeye anajua kuisoma.

Sasa nisikie vizuri. Shangazi yake anayo kompyuta nyumbani, na chumba kitupu, na kila wiki ananiuliza mtoto wa kike wa miaka kumi anafanya nini kwa mzee wa miaka sabini na moja. Namjibu kwamba anasoma na anacheka. Lakini muhula ukianza na mtoto hana cha kusomea, nitamhamishia huko. Sitaki tena viatu viwili vya kushoto.

Binti yako


Tarehe 13 Desemba

Binti yangu, mke wa mashuka, marahaba.

Magoti yapo yote mawili, ila hayasalimiani. Mjukuu wangu hajambo. Jana amenihukumu kwa kosa la kukoroma, adhabu yake kuosha vyombo siku tatu. Nimekata rufaa kwake mwenyewe, nikashindwa.

Kumbe vile viatu utavitaja mpaka kaburini. Mtu ananiuzia viatu vipya vya ngozi kwa nusu bei, kosa lake moja tu vyote vya mguu wa kushoto, ningeviacha? Ulivivaa mwaka mzima hukulalamika. Ulikuwa ukikata kona za kushoto kuliko mtoto yeyote mtaani. Hadithi ile mpaka leo nikiisimulia, watu wanashika mbavu.

Haya, kompyuta. Duka la kwanza lina kijana mwenye saa mbili mkononi, zote zimesimama. Nikajua huyu anadanganya kwa zamu. Akasema kumbukumbu nane. Hakimu akakaa, akabonyeza huku na kule, akasema, "Babu, hapa imeandikwa nne." Kijana akasema nne ya ulaya ni sawa na nane ya kwetu. Tukamwachia nne zake.

Duka la pili lilikuwa na kitu cha rangi ya waridi, kina picha ya paka, bei ya kuokota. Nakiri mkono wangu ulifika mfukoni wenyewe, unajua una tabia zake. Hakimu akaniangalia tu. Mkono ukarudi nyumbani.

La tatu ni kibanda kando ya duka la dawa, cha mama mmoja mnene wa maneno machache. Watu wanamwita Mama Garantii. Kumbukumbu nane, Hakimu amesoma. Bawaba ngumu. Uzito wake kama kuku wa kiasi. Kuhusu betri nikamwambia mama, mwanangu amesema saa nne, na sisi hatuna haraka. Tukakaa kwenye benchi lake saa nne za ukutani, kompyuta inawaka. Mteja mmoja alidhani na sisi tunauzwa, akauliza bei ya mtoto. Ikafika saa nne na robo ndiyo ikazimika. Nikalipa. Garantii ya miezi sita ninayo, imegongwa muhuri.

Kitu kimoja kimenichekesha. Chini yake, juu ya skrubu, mama amebandika karatasi nyekundu kama ukucha, eti ikichanika garantii imekufa. Mimi nimetengeneza vyerehani miaka arobaini, sijawahi kulala na mashine ambayo sijaiona tumbo. Tena ina feni ndogo humo ndani inalia kama panya mwenye mafua. Nitaitazama.

Baba yako, mnunuzi mkuu


Tarehe 22 Desemba

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, foleni ya chakula, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuona. Umenunua vizuri. Sikutegemea, nakuomba radhi.

Lakini mstari wa mwisho umenitoa jasho. Baba, usiifungue. Feni zote hulia. Hiyo siyo cherehani. Na kwa heshima yote, lile kopo lako la mafuta lenye mdomo mrefu libaki pale pale kwenye dirisha. Najua unavyofanya, mashine haijaingia ndani ya nyumba bila kunyweshwa. Hii hainywi.

Nijibu upesi kwamba hujaigusa.

Binti yako


Tarehe 20 Januari

Baba, shikamoo.

Wiki ya nne hii sijapata jibu. Shule imefunguliwa tangu tarehe kumi na mbili. Nikipiga simu Jumapili Hakimu anasema kompyuta ni nzima, inaenda haraka, mwalimu ameisifu. Anasema yote hayo kwa pumzi moja, halafu anauliza habari za mashuka. Tangu lini mtoto huyu akauliza habari za mashuka?

Naomba neno lako, hata mstari mmoja.

Binti yako


Tarehe 29 Januari

Binti yangu, marahaba.

Hatujambo. Mvua inataka kunyesha inaona haya. Kompyuta ipo, tena imenenepa. Mtoto anaenda nayo shule kila siku bila kukosa. Kuchelewa kukujibu ni kwa sababu ya kalamu.

Shangazi yake amepita hapa na kikapu cha matunda na macho ya polisi. Nimemkaribisha vizuri, amekaa kwenye kile kiti kibovu kwa kuchagua mwenyewe.

Baba


Tarehe 9 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo sina utani, na wewe uuweke pembeni mpaka umalize kusoma.

Mwalimu alimpigia simu shangazi yake, maana namba yake ndiyo iko kwenye fomu. Hakimu hajakabidhi kazi hata moja tangu shule ifunguliwe. Shangazi akaenda. Akamkuta amehamia kiti cha nyuma kabisa, mgongo ukutani, ili mtu yeyote asione kioo chake. Mwalimu akitamka, watoto wanaandika, na yeye anaandika. Vidole vinakwenda. Shangazi akazunguka akatazama. Kioo cheusi. Mtoto alikuwa anabonyeza kompyuta iliyokufa, na amefanya hivyo wiki nne. Alipoulizwa akasema, "Ni nzima, ni mimi nimesahau kuiwasha."

Sikuulizi ulifanya nini, naijua harufu ya yale mafuta tangu nazaliwa. Nakuuliza nani alimfundisha kusema ni nzima.

Tena nikuambie kitu kuhusu ile hadithi yako inayowashikisha watu mbavu. Wenzangu waliponicheka shuleni niliwaambia ndio mtindo mpya, baba yangu kanichagulia. Walimu wakiniuliza nilisema hivyo hivyo. Nyumbani nilikuwa naingia nikikimbia, ili usione navyotembea. Sikulalamika kwa sababu ungejua, na ukijua usingecheka tena, na nyumba yetu ile ilikuwa inaishi kwa kicheko chako. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto mwingine hatalibeba hilo.

Nimemkatia tiketi ya basi la Jumamosi, tarehe 7 Machi. Itakufikia pamoja na barua hii. Atakaa kwa shangazi yake.

Binti yako


Tarehe 18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Utani nimeuweka pembeni. Umekaa pale kwenye kona unaninunia, lakini umekaa.

Kompyuta niliifungua siku ya pili baada ya kukuandikia, kabla barua yako haijafika. Karatasi nyekundu niliichana kwa ukucha. Nikaona ile feni, ndogo kama kifungo cha koti, nikaionea huruma. Nikaitia tone moja la kazi, tone la pili la heshima, na la tatu la maisha marefu. Ikanyamaza. Nilijisifu siku mbili. Siku ya tatu ikapata joto kama pasi ya mkaa, ikazimika, haikuamka tena. Mafuta yalikuwa yametembea mpaka kwenye ubao wake wa ndani, yakakusanya vumbi lote la nyumba hii.

Nilifuata kila neno lako dukani. Nikashinda. Nikaja kuharibu baada ya kushinda, kwa mapenzi.

Umeuliza nani alimfundisha. Ni mimi. Nilimwambia, "Usimwambie mama yako mpaka babu aitengeneze." Nilidhani ni siku mbili. Hakuniuliza lolote, yeye ambaye huuliza kwa nini maji yamelowa. Ile ingenitosha kujua. Kila asubuhi nilimwona anaiweka mgongoni, nikajua ni nzito na haina kazi, nikamwambia kwaheri Hakimu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimewaambia watu msemo huo tangu ujana, sijui nilidhani unawahusu nani.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumatatu nilivaa koti, nikamfuata shuleni. Mwalimu akaniruhusu dakika tano. Nikasimama mbele ya watoto hamsini na wawili nikasema: "Kompyuta ya mjukuu wangu imekufa, na niliyeiua ni mimi. Niliitia mafuta ya cherehani. Halafu nikamwambia anyamaze. Yeye si mwongo, mwongo ni huyu mnayemwona." Kisha katoto kamoja mbele kakauliza, "Babu, uliikaanga?" Basi. Walinicheka mpaka kengele. Mwanangu, nimechekesha watu maisha yangu yote, sikujua upande wa pili una baridi hivi. Hakimu hakucheka mwanzoni. Akanyoosha mkono, mwalimu akamruhusu, akasema, "Na hata cherehani haitiwi matone matatu." Hapo ndipo akacheka na yeye.

Kutoka pale nikaenda kwa Mama Garantii. Akatazama ile karatasi iliyochanika, akasema garantii imekufa, pole. Nikamwambia sikuja kwa garantii, nimekuja kufundishwa. Akanipa spiriti, mswaki, na benchi lile lile la saa nne. Jumatatu hiyo na Jumanne nzima nimesugua ubao ule kama ninayeosha mtoto mchanga, yeye anapita nyuma yangu anasema, "Taratibu, mzee, hapo si sufuria." Feni akanipa nyingine, ya kompyuta iliyovunjika kioo. Jumanne jioni ikawaka. Nina furaha nayo kidogo tu, maana wiki tano za masomo alizopoteza Hakimu haziko kwenye ile feni.

Kopo la mafuta nimempa Mama Garantii alifungie kabatini. Alicheka mara ya kwanza.

Sasa la mwisho. Miaka thelathini nasimulia hadithi ya viatu vyako, na miaka thelathini sikuwahi kukuuliza kitu ambacho hata muuza viatu mwizi huuliza. Nauliza leo, nimechelewa. Vilikubana?

Tiketi iko mezani. Nguo zake nimezikunja, za shule chini, za nyumbani juu. Sikuombi kitu. Ukisema aende, nitampeleka kituoni mwenyewe, na shangazi yake nitamtafutia kiti kizima.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimekaa nayo siku sita kwenye mfuko wa aproni, imepigwa pasi kwa bahati mbaya mara moja.

Jumapili nilimpigia Hakimu. Sikumweleza kwamba umeniandikia. Nikamuuliza neno moja tu, kompyuta vipi. Akasema, "Inawaka, mama, lakini ikikaa saa mbili inapata joto, babu anaipepea kwa daftari langu la hesabu na amelichana. Na juzi ameniambia nisilale mapema nimfundishe kuandika kwa kompyuta, nikasinzia darasani."

Tangu Desemba hiyo ndiyo mara ya kwanza mtoto kuniambia jambo lako baya bila kulificha. Nililia, halafu nikalala vizuri.

Tiketi irudishe pale kituoni kabla ya Jumamosi, usiibadilishe kwa kitu chochote cha nusu bei. Nguo zake zikunjue. Mwalimu amekubali kumsomesha saa za mchana mpaka azifikie kazi zilizompita. Shangazi nimemwomba awe anakuja kila Jumamosi kukagua, na wewe umkalishe kwenye kiti kizima, siyo siku moja, siku zote. Mtoto akisinzia tena darasani, tutaandikiana barua nyingine ambayo hutaipenda.

Daftari la hesabu mnunulie jipya.

Na vilinibana, baba. Kile cha mguu wa kulia, kwenye kidole gumba, mwaka mzima.

Mwanao