Pole Nyuma ya Pazia

Jumatatu, mwezi wa tatu, 2012. Theluji ya asubuhi imegeuka tope. Viatu vyangu viko juu ya hita na vinanuka. Sina huzuni, furaha nayo siyo nyingi. Nimechoka tu, ila nataka kuandika kabla sijaanza kuchanganya nani alisema nini.

Leo dada Zawadi alikuwa na usaili.

Kama wewe ni mgeni humu, Zawadi ni mtoto wa mama mdogo, na mimi naishi kwao hapa Scarborough. Anapiga viola. Viola ni kama fidla iliyokula ikashiba. Ni kubwa zaidi kidogo na sauti yake ni nzito, kama mtu mwenye mafua anayeongea taratibu. Kwenye okestra inakaa katikati huko, na wengi hawajui ipo. Wapiga fidla wanawatania sana wapiga viola. Zawadi mwenyewe anasema ukikosea kwenye fidla ukumbi mzima unageuka, ukikosea kwenye viola wanadhani ni hita.

Alianza shuleni, mtoto mdogo. Siku mwalimu anagawa fidla yeye alikuwa nyumbani na tetekuwanga. Aliporudi zilikuwa zimebaki viola tu. Basi, hiyo ndiyo ikawa kazi yake.

Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nilipofika hapa nilidhani muziki ni kipaji, mtu anacheza tu. Kumbe ni kama kusomea udaktari. Amesoma chuo cha muziki, kisha chuo kingine, kisha mwalimu wa peke yake ambaye alikuwa anamrudisha sehemu moja ndogo, sekunde chache tu, kutwa nzima. Nimeishi na sehemu hiyo ikipenya ukuta wa chumba changu. Naijua kuliko wimbo wa taifa.

Na ukimaliza yote hayo, kazi hakuna. Viti vya viola kwenye okestra ni vichache, na aliyekaa hatoki. Anakaa mpaka astaafu au mabega yamkatae. Kikipatikana kimoja, watu wanapanda ndege kutoka kila upande kuja kukigombania. Zawadi ameshaenda saili nyingi. Katikati ya saili anapiga kwenye harusi za watu, anashikia nafasi za wanamuziki wanaougua, anafundisha watoto wa Mississauga ambao hawataki kufundishwa.

Mama mdogo anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Yeye anasema kazi ya kweli ni ile ambayo wakikufukuza kesho unaipata kwingine keshokutwa. Walipatana hivi: usaili huu ndio wa mwisho. Akikosa kiti, Septemba anaanza kozi ya uuguzi. Zawadi alikubali mbele yangu, jikoni, akiwa anamenya viazi. Hakubisha hata kidogo, ndiyo maana nilijua ana hofu.

Basi leo nikaomba mtu anishikie shifti ghalani ninakofanya kazi, nikampeleka kwa gari.

Usaili wao uko hivi. Unaingia jukwaani, mbele yako kuna pazia kubwa, na majaji wako ng'ambo yake. Hawakuoni. Hawajui jina lako, wanajua namba. Chini wanatandika zulia mpaka kwenye kiti ili wasisikie kama umevaa viatu vya kike. Pembeni yako anakaa msimamizi, na ukiwa na swali unamnong'oneza yeye, anauliza kwa niaba yako. Wewe husemi kitu. Ukisema tu, wameshajua wewe ni nani, na maana ya pazia imekwisha.

Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilifikiri, hii kazi ingenifaa mimi. Kukaa kimya najua.

Alipoitwa, mimi nilibaki kwenye korido, kwenye benchi, nimekumbatia koti lake. Mlango ni mzito lakini sauti inapenya. Nikamsikia anaanza. Kikaja kile kipande cha haraka, kile cha ukutani kwangu. Kikaisha. Halafu ukasikika mshindo kama sufuria limeanguka, kisha mtu akaguna kwa maumivu. Kisha kimya.



Baadaye kidogo mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mzee mmoja anachechemea. Mzee wa Kihindi, nilivyodhani, mwenye sweta la kijivu na kalamu bado mkononi. Alikuwa anakanyaga kwa kisigino. Na mimi, ambaye huwa sisemi na watu nisiowajua, ikanitoka tu.

"Pole mzee."

Akasimama. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akaanza kucheka peke yake.

"Na wewe tena," akasema. Kwa Kiswahili. Cha bara kabisa, kizuri kuliko changu.

Nikashindwa la kufanya, nikasema shikamoo.

"Marahaba. Huyo aliyeko ndani na viola ni wako?"

"Dada yangu."

"Aa, basi usiniambie jina," akasema, akainua mkono kama anazuia gari. "Usiniambie kitu. Ingawa haina maana tena, nimeshajitoa."

Nikamuuliza amejitoa wapi. Akakaa mwisho wa benchi, akavua kiatu, akaanza kusugua vidole. Ndipo akaeleza. Alinyoosha mguu, akaipiga stendi ya nota, ile ya chuma ya kuwekea karatasi, ikamwangukia mguuni. Toka ng'ambo ya pazia ikaja sauti ya kike, wazi kabisa: "Pole."

"Nami nikajibu," akasema. "Sikufikiri. Nikasema asante, nimeshapoa."

"Ukajibu?"

"Sasa mtu akikupa pole unanyamaza? Mama yangu angefufuka."

Akasema wenzake hawakuelewa. Mmoja aliuliza huyo Poli ni nani. Lakini yeye alikuwa ameshajua kuwa anayecheza ni mtu wa kwetu, na sheria yao jaji asijue. Akaweka karatasi yake chini, akatoka. Mchezaji akaambiwa aendelee na majaji waliobaki.

Kisha akaniomba radhi, akahamia benchi la mbali kabisa, kule karibu na mashine ya kahawa. Alisema haifai waonekane wamekaa pamoja jaji na ndugu wa mchezaji. Akaenda huku kiatu kimoja kakishika mkononi.

Nilikaa pale moyo unaniuma. Nilijiambia, tulikuwa na mtu wetu mmoja humo ndani bila kujua, na tumempoteza kwa neno moja.

Wa ajabu ni Zawadi mwenyewe. Huyu amekulia hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mama mdogo amepigana naye miaka mingi. Mambo mawili tu alifaulu kumtia: shikamoo kwa wakubwa, na pole mtu akijikwaa. Ukigonga goti kwenye meza ya nyumbani, Zawadi anasema pole akiwa chumba kingine, hajui hata ni nani. Siku zote ni Kiingereza, halafu siku ambayo hatakiwi kusema lugha yoyote, ndiyo anasema Kiswahili.

Alipotoka alikuwa mweupe midomo. Maneno yake naandika kwa Kiswahili ila yeye alisema kwa Kiingereza.

"Nimeongea," akasema.

"Najua."

"Unajuaje?"

Nikasema imesikika mpaka huku. Sikumwambia kuhusu mzee. Niliona akijua kwamba jaji amejitoa kwa ajili yake atavunjika kabisa, na majibu bado. Nikampa koti. Akalivaa humohumo ndani, akakaa amejikunja.

Msimamizi akaja akasoma namba za wanaoendelea raundi ya mwisho. Namba ya Zawadi ilikuwamo.

Alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia.

Kwenye raundi hiyo okestra hii huwa wanaondoa pazia. Wanataka kumwona mtu anavyokaa, anavyopumua na wenzake. Kwa hiyo aliingia akawaona majaji wote, na katikati yao kiti kitupu, mbele yake stendi iliyopinda. Aliniambia baadaye kwamba hakuweza kuacha kukitazama kile kiti. Akaona heri akichezee chenyewe. Hakikuwa na sura ya kumtisha.

Kiti cha kazi hakupata.

Amechukuliwa kijana mmoja wa Montreal, mrefu, mpole, ambaye alikuwa anakula ndizi kwenye korido siku nzima. Zawadi wamemweka wa kwanza kwenye orodha ya wa kushikia nafasi. Yaani mtu akiugua, anaitwa yeye kwanza. Ni kitu, lakini siyo kile alichopatana na mama yake. Alipokea taarifa akasema asante kwa kila mtu, akafungasha viola taratibu kama anamlaza mtoto.

Tulipofika maegesho yule mzee alikuwa anafuta theluji kwenye kioo cha gari lake kwa mkono wa koti. Ndipo nikamwambia Zawadi. Nikasema huyo ndiye uliyempa pole, na alijitoa kwa sababu alikujibu.

Alisimama. Kisha akamwendea moja kwa moja, mimi nyuma yake. Akamwamkia shikamoo, halafu akaingia Kiingereza.

"Samahani nimekutoa kwenye kiti chako."

"Nimejitoa mwenyewe," mzee akasema. Yeye aliendelea na Kiswahili chake, mwingine na Kiingereza chake, wakaelewana hivyohivyo. "Namna gani, wamekuchukua?"

Zawadi akamweleza. Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kufuta kioo.

"Naweza kukuuliza kitu?" Zawadi akasema. "Ungebaki, ungenipitisha?"

Mimi nilitaka asiulize. Jibu lolote lingeuma.

Mzee akaacha kufuta.

"Hapana."

Zawadi akavuta mkanda wa viola begani.

"Nilikuwa nimeshaandika hapana kabla stendi haijaniangukia," akasema. "Kile kipande cha haraka unakimbia. Mkono wa upinde, ule wa kusugulia nyuzi, unauogopa, unataka kiishe. Mimi kwa jambo hilo ni mkali, waulize wenzangu. Kura yangu ingekukata. Kile cha polepole nilikisikia toka kwenye korido, hicho nisingekuwa na neno."

"Kwa hiyo kama nisingesema pole..."

"Ungekuwa nyumbani saa ya chakula cha mchana."

Sijui ni nani alianza kucheka. Nadhani ni mzee. Zawadi alicheka mpaka akaegemea gari la watu. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa glavu, akasema asante.

"Asante ya nini? Mimi nilikuwa nakukata."

Akasema anaitwa Mzee Dominiki. Ni Mgoa, amezaliwa Tabora, baba yake alikuwa karani wa reli. Viola ameipiga tangu kijana, na mwaka huu ni wa mwisho kwake kwenye okestra. Akaandika namba ya simu kwenye karatasi ya maegesho, akampa. Anakaa Mississauga. Alisema, "Njoo Jumamosi asubuhi. Tutauangalia huo mkono tu, hatutagusa kitu kingine. Na ukija kwangu Kiingereza unaacha mlangoni, mimi sina wa kuongea naye tangu mke wangu afariki."

Mimi kule njiani nilikuwa nafikiria hesabu nyingine. Mwaka wake wa mwisho maana yake kiti kingine kitakuwa wazi. Sikusema. Niliona Zawadi naye anatazama dirishani kimya, na anajua kuhesabu kuliko mimi.

Nyumbani mama mdogo alikuwa amesimama jikoni na sare ya kazi bado mwilini. Hakuuliza, alitutazama tu. Zawadi akasema amekosa. Kisha akaeleza yote, pole, stendi, kiti kitupu, mzee. Mama mdogo alisikiliza mwiko ukiwa mkononi, mchuzi unadondoka chini.

Alipomaliza, mama mdogo akauliza swali moja.

"Tabora sehemu gani?"

"Mama, sijui."

"Karibu na stesheni, amesema," nikajibu mimi.

Akageukia sufuria. Akakoroga muda mrefu kitu kisichohitaji kukorogwa. Zawadi akasema anakumbuka walivyopatana, na kwamba hata kesho anaweza kwenda kujiandikisha kozi.

"Septemba bado mbali," mama mdogo akasema bila kugeuka. "Huyo mzee utamwendea mikono mitupu? Ijumaa nitapika maandazi."

Tulikula.

Sasa wote wamelala, mimi nina jambo langu. Jumamosi asubuhi ni shifti yangu ghalani. Kwa basi kutoka Scarborough mpaka Mississauga, upande wa pili kabisa wa jiji, na viola mgongoni, atafika mikono imeganda, na mkono ndio unaoendewa. Lazima nimpeleke, na siyo Jumamosi hii tu. Wa kunibadilishia zamu moja kwa moja ni supavaiza peke yake, na tangu nianze pale sijawahi kumsemesha zaidi ya ndiyo. Nikimwona anakuja huwa nahamia upande wa pili wa maboksi.

Kesho nitamfuata ofisini kwake. Sentensi ya Kiingereza nimeshaitunga, ni fupi, na nimeisema hapa kitandani mpaka imekuwa laini.

Nikifika katikati yake huwa nakimbia. Naanza tena.