Nyumba Uliyomjengea Mama Gesima

Birongo,
Sabato jioni.

Kwa ndugu yangu mpendwa Lewis,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa huku. Natumaini wewe, Lavender na watoto hamjambo, na baridi ya Amerika haijawamaliza. Sisi tu wazima, ila mvua imezidi. Barua hii anakuletea Nyabuto, anayesafiri kuja huko. Ningekupigia simu, lakini kila tukiongea Mama huwa ameketi karibu, na haya hayasemeki akisikia.

Majani chai yamestawi, wachumaji ndio hawapo. Jirani yetu Mokua amehamia Kilgoris na familia yake yote, wana wa mzee Osoro wako Nairobi. Pesa zako zinaingia Gesima kila mwezi na watu wanatoka. Siku hizi tukizika, wazee ndio wanaobeba jeneza.

Nyumba yako inasifiwa hadi Nyamira mjini. Mchungaji alipoiombea alisema Mama amezaa mwana, na Mama akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Lakini Lewis, hajalala humo hata siku moja.

Mlipokuja na Lavender ile Agosti, mlilala humo wiki mbili kabla ya kumkabidhi funguo. Ulikuwa umefurahi mno, hakuna aliyethubutu kukuambia neno. Kisha ukaagiza ile nyumba ya zamani aliyojengewa na Baba ibomolewe, gari lipate pa kugeukia, na binamu yetu Momanyi akaibomoa. Uliondoka hapa ukiwa kijana mdogo, sikulaumu kwa kusahau mila zetu. Nilimsihi Mama aingie tu, nikamwambia siku hizi hakuna anayejali mwiko huo. Akanijibu, "Nitalalaje pale mwanangu alipolala na mkewe?"

Na wewe angekuambiaje? Mama hazungumzi na mwanawe mambo ya kitanda. Alihamia kile kibanda cha jikoni huko nje, akalala kando ya kuni. Ulipompigia simu ya picha alikimbilia sebuleni, umwone kwenye viti vyako.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Mama ameondoka Gesima. Ndiyo maana anakwambia kamera ya simu yake imeharibika. Kwangu hakubali kulala, anamwonea haya mume wangu, mkwewe. Amepanga chumba hapa sokoni Birongo, anauza ndizi, na zile pesa unazomtumia ndizo zinazolipa kodi. Imeniuma sana, maana ulifanya yote kwa kumpenda.

Umesema Desemba mnakuja. Njooni. Mjengee vyumba viwili vya mabati palepale nyumba yake ya zamani iliposimama, nanyi mkalale kwenye nyumba yenu ya vigae. Vyake msiviingie usiku hata mara moja.

Msalimie sana Lavender, na uwaambie watoto nyanya yao anawauliza kila siku. Mungu awalinde huko mliko. Mama hajui nimekuandikia. Akikupigia na kusema yuko nyumbani, mwitikie tu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nyakerario.