Ukurasa wa Sabini na Mbili

3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limejiunga na upinzani. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Nakutumia sura ya mwisho ya historia ya kata yetu, uichape kama ulivyozichapa zile nyingine. Ni ya bomba la maji la sokoni, nilivyolipigania barazani mpaka likapita. Nimefungasha na mihtasari ya vikao, uipange kwa tarehe. Kitabu kitoke kabla ya uchaguzi wa Agosti, watu wajue diwani wao ni nani. Usibadilishe hata nukta.

Babako,
Diwani

20 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mwambie Mama nakula mpaka nguo zinalalamika. Goti nalipa pole.

Baba, nimesoma mihtasari yote. Hoja ya bomba ilitolewa na yule mkunga wa zahanati, aliyekuwa diwani wa viti maalumu muhula mmoja tu. Wewe uliipinga. Maneno yako yameandikwa: "Maji yakija mlangoni, vijana wetu watazoea uvivu." Ulichofanya ni kukata utepe siku ya ufunguzi, ndiyo ile picha ya sebuleni.

Dibaji yako inasema jambo lisilo na mashahidi wawili na karatasi moja halimo kitabuni. Karatasi imekukana. Mashahidi wako wapi?

Sikusudii kukuvunjia heshima. Shuleni nilijivuna kwamba bomba lile ni la baba yangu, ndiyo maana inaniuma.

Mwanao

1 Machi

Barua nimeipata. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilikulea upende kusoma, kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Chapa nilivyoandika.

Mama yako hajambo.

Diwani

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, kwa shikamoo yako ya Februari na zile za barua zako mbili nisizozijibu.

Miezi mitatu niliitazama ile picha ya sebuleni mpaka Mama yako akauliza kama nataka kuioa. Niamini, sikukusudia kukudanganya. Nilianza kujidanganya mwenyewe, nikasadiki.

Jumanne nilikwenda kwa mkunga, anakaa nyuma ya soko. Nikamwambia natafuta shahidi. Akasema, "Diwani, umechelewa miaka ishirini na sita, lakini keti." Kumbe alikuwa akizalisha kwa ndoo mbili za maji, moja ya mama, moja ya mtoto, na siku nyingine ndoo ni moja. Hilo halimo kwenye mihtasari, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Shahidi wa pili ni mimi.

Wapiga debe wangu wanasema najitia kitanzi, kura ziko karibu. Waache waseme. Chapa sura hii mpya, na maneno yangu ya uvivu yaache yalivyo. Nimehesabu kurasa, yataangukia ukurasa wa sabini na mbili.

Babako

18 Agosti

Mwanangu,

Hatujambo sote. Nimeshindwa kwa kura thelathini na moja. Wapiga debe wanalaumu ule ukurasa. Mama yako analaumu hotuba zangu ndefu. Inaniuma, sikufichi. Miaka ishirini na minane ya udiwani si mchezo.

Lakini ungekuwepo siku ya kuzindua kitabu! Ukumbi wa shule ulijaa, wengine wakasikilizia madirishani. Nilisoma sura ile mwenyewe. Nilipofika kwenye uvivu watu waliangua kicheko, nami nikacheka. Nilipolitaja jina la mkunga wakasimama wote wakipiga makofi, na nusu yao waliingia duniani kwa mikono yake. Yeye alibaki ameketi, analia. Makofi yale hayakuwa yangu, na sijapata kujivuna namna ile. Nikawaambia pia aliyekichapa ni binti yangu, mkali kama wembe, na kwamba nilimlea mwenyewe.

Jana mkunga alikuja kuomba nakala nyingine. Kila mgeni akiingia kwake lazima asome kwa sauti. Ile ya kwanza bado mpya kabisa, ila ukurasa mmoja umeshaanza kung'oka.

Babako,
Mwandishi