Neno Lililonipeleka Mbele ya Wakwe

Machakos mjini,
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Mghoi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote, nikitumaini baridi ya huko milimani haijawazidi. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na yule ng'ombe wa Baba, ameshazaa au bado anawafanya mkeshe? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mwende ameanza nasari, na kila siku anarudi na wimbo mpya anaouimba mpaka tunaomba msamaha.

Najua barua hii umeingojea, na najua kwa nini. Baba alipigiwa simu pale dukani, akaambiwa na mzee mmoja wa huku kwamba binti yake anamlazimisha mumewe kuwa Mkatoliki, na mume akikataa, binti atarudi nyumbani. Kaka Mwadime alinifikishia ujumbe wa Baba: anataka kujua nimeingiwa na nini. Dada, siwezi kumwandikia Baba. Nimeshika kalamu mara nyingi, nikaiweka chini. Jambo lenyewe linahusu neno ambalo mtoto wa kike hawezi kukaa akamfafanulia baba yake. Kwa hiyo nakuandikia wewe. Soma peke yako, halafu umwambie vile utakavyoona inafaa.

Neno lenyewe ni romantiki.

Unajua ninauza kwenye duka la vitabu na kadi hapa mjini. Hilo neno nalisikia kutwa nzima. Msichana wa sekondari anataka kadi ya romantiki lakini isitaje mapenzi, maana mwalimu hufungua barua zao. Kijana wa Mavoko anaingia na miwani ya jua, "Sista, niaje, nipe romantiki moja kali," na akisema hivyo anataka yenye mawaridi mekundu na muziki ukiifungua. Mwajiri wangu akisikia nyimbo za polepole redioni anasema hizo ndizo romantiki. Na siku nilipomwambia natamani kufungua duka langu mwenyewe, alicheka akasema, "Wewe una mawazo ya kiromantiki," akimaanisha naota mchana. Karibu na stendi kuna hoteli ya nyama choma iliyoandikwa Romantiki ukutani, na ndani kuna nzi na viti vya plastiki. Basi mimi nikajiona mtaalamu wa neno hilo.

Mwezi uliopita kanisani kwetu kulikuwa na semina ya akina mama. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kwao karibu na Tala kutibiwa macho hospitalini, akalala kwetu, na asubuhi nikaenda naye. Yeye alikaa nyuma na wazee wenzake. Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja maridadi kutoka Nairobi, anachanganya Kiswahili na Kizungu bila kupumua. Akauliza, "Nani hapa mume wake ni romantiki?" Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja akapiga kelele, "Muulizeni huyu wa kadi!" Wakanisukuma, nikasimama.

Dada, ningeweza kusema neno moja nikakaa. Lakini walikuwa wananitazama, na mimi nikapenda kutazamwa. Nikasema, "Mume wangu si romantiki hata kidogo. Akitoka kazini hanisalimu, anauliza, 'Maji iko?' Siku ya kukumbuka harusi yetu nilivaa vizuri nikamngoja. Akaja na zawadi. Mnajua ni nini? Mtego wa panya, ameuchomelea mwenyewe kwa vyuma vilivyobaki kazini!" Walicheka mpaka mmoja akateleza kutoka kwenye benchi. Nami kwa kuona nimewapata, nikaongeza: "Sasa nimeamua. Lazima awe romantiki, apende asipende. Asipokubali, narudi kwetu!" Wakapiga vigelegele. Nikakaa chini nikijisikia mtu mkubwa.

Sikuwaambia kwamba ni mimi niliyekuwa nimelia kwa sababu ya wale panya. Walikuwa wamefika kwenye kitanda cha Mwende.

Mama mkwe hakusema lolote njiani. Nilidhani ni macho. Kesho yake akaondoka mapema kuliko tulivyopanga.

Wiki iliyofuata tukaitwa Tala. Mume wangu Kyalo aliuliza kuna nini, wakamwambia, "Njoo na bibi yako." Tulikuta viti vimepangwa sebuleni, vitambaa vimefuliwa: baba mkwe, kaka yake mkubwa ambaye sisi humwita Baba Mkubwa, mchungaji wao, na shemeji Muia ambaye ni mwalimu wa sekondari. Mama mkwe alikaa mlangoni mikono ameikunja. Tuliombewa, kisha baba mkwe akaanza.

"Mama Mwende, tulikuoa ukiwa Roma, Mkatoliki. Tulikuuliza kama utakuja kwa kanisa yetu, ukakubali mwenyewe. Hatukukulazimisha. Ama ulilazimishwa?"

"La, Baba."

"Sasa tunasikia unataka kurudi, na unataka kwenda na huyu."

Nilimtazama Kyalo, naye akanitazama. "Kurudi wapi?" akauliza.

Mama mkwe hakuweza kungoja tena. "Nilisikia na masikio yangu! Macho ni mabaya lakini masikio ni mazima. Alisimama mbele ya wamama wote akasema Kyalo lazima akuwe Romantiki. Akikataa, anarudi kwao. Na wamama wakapiga makofi!"

Shemeji Muia alicheka mara moja, kisha akakohoa kuficha kicheko. Nilielewa yote kwa mpigo, tangu ule ukimya wa njiani.

"Mama," Muia akasema, "hiyo si dini. Ni neno ya Kizungu."

"Maana yake?" baba mkwe akauliza.

Muia akajikuna shingo. "Iko na maana mingi. Kuna waandishi wa zamani waliitwa hivyo, waliandika juu ya milima na upepo na vile moyo unasikia. Kuna mtu wa ndoto nyingi, huyo pia anaitwa romantiki. Halafu kuna ile ya... ya vijana." Kisha ualimu ukamzidi nguvu, akaongeza, "Lakini kama ni asili, neno hili lilitoka kwa hadithi zilizoandikwa kwa lugha zilizotokana na ile ya Roma ya kale."

"Unaona?" baba mkwe akasema. "Ni Roma."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeshinda kesi.

Mchungaji, ambaye ni mtu mpole, akanigeukia. "Binti, kwa hiyo semina, ilikuwa ni maana gani?"

Dada, unajua desturi yao. Mkwe wa kike na baba mkwe hawataniani, hawataji mambo ya chumbani, hata kupishana mlangoni ni kwa heshima. Nikatazama kucha zangu. Neno kupenda lilikuja mdomoni likarudi. Nikasema, "Ni mume kumwonyesha mke wake kwamba... kwamba anamjali."

Baba Mkubwa akaegemea mbele. "Kwani huyu hakujali? Anakunyima chakula?"

"La."

"Anakupiga?"

"La, hata siku moja."

"Anakunywa pombe?"

"La."

"Basi ulisimama kwa kanisa ukasema nini juu yake?"

Nikalazimika kulisema, lote. "Maji iko." Mtego wa panya. Vicheko. Nilisema mbele ya baba yake na mama yake, naye akiwa amekaa kando yangu akilisikia kwa mara ya kwanza. Maneno yale yale yaliyowachekesha akina mama hayakumchekesha mtu pale. Yalikuwa machafu tu, kama maji ya kufulia. Kyalo alitazama viatu vyake vya kazi. Alikuwa amevipaka rangi kwa ajili ya safari ile. Nilitamani anigombeze. Nilitamani asimame aondoke.

Badala yake alisema, na wewe unajua huyo si mtu wa kuongea, "Baba, Mama alisikia vibaya. Mama Mwende alisema vibaya. Na mimi sijui kusema kabisa. Lakini hakuna mtu hapa anahama kanisa, na hakuna mtu anarudi kwao. Naomba tuombe tumalize."

Wakaomba. Baada ya amina ndipo Baba Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Tatizo ni kwamba nilishapigia baba yake simu."

Ndivyo mlivyopata habari.

Nilikimbilia jikoni kusaidia, maana singeweza kukaa nao. Mama mkwe alikuwa anapakua muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Aliniambia nisimame, nitachafua nguo. Kisha akasema bila kunigeukia, "Nilipozaa Kyalo, baba yake alichota maji mtoni mwenyewe, akibeba na mgongo kama mwanamke. Wanaume walimcheka mpaka sokoni. Hiyo ni hiyo?"

"Ni hiyo, Mama."

Akafikiri. "Na mimi siku hizo nilikuwa nalia kwa ndani, naona ananiaibisha." Akanipa sahani. "Mpelekee bwana yako."

Tulipotoka, Kyalo alitangulia mbele yangu kwenye njia ya kwenda stendi. Nilimfuata nikiwa na Mwende mgongoni amelala. Nilisema, "Nisamehe." Akapunguza mwendo, akauliza, "Kwa Kitaita, hiyo neno munaitaje?"

Nikatafuta, Dada. Kupenda tunalo, kutunza tunalo, lakini hilo lingine sikulipata. Nikamwambia sina.

"Basi wacha neno," akasema. "Niambie kitu yenyewe. Ulikuwa unataka nini?"

Ningetegemea maswali yote lakini si hilo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikidai kitu, na sasa mtu ananiuliza ni kitu gani, sina jibu. Maua? Ningeyaweka wapi? Kadi ninazishika kutwa mpaka nimezichoka. Nilitembea hatua nyingi nikiona haya ya kuwa mtupu hivyo. Halafu kikanijia, nikakiona kidogo mno, nikaona haya zaidi. Nikamwambia, "Tangu Mwende azaliwe hujaniita jina langu. Wewe, mama yako, jirani, wote ni Mama Mwende. Hata dukani ni wa kadi."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo."

Tulipofika stendi akaniuliza kama nataka maandazi.

Nyumbani siku zilizofuata alikuwa akianza kuniita anakwama, anasafisha koo, anarudia Mama Mwende. Nikajuta kumwambia, maana nilimwongezea mzigo. Kwenye kikundi cha akina mama sijarudi. Nikiwaona sokoni napitia upande wa mitumba, kwa kuwa bado wananiuliza kwa kicheko kama panya wameisha, na mimi ndiye niliyewafundisha kumcheka. Nimeamua Jumapili ijayo nitasimama mbele yao niseme ukweli wa ule mtego. Naogopa, lakini nitasema.

Juzi nilipita pale kibandani wanapochomelea milango nikamwachia Kyalo chakula. Nilikuwa nimeshavuka barabara niliposikia, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Wakio!"

Nyundo zikanyamaza. Mafundi wote wakainua vichwa. Mmoja akauliza, "Wakio ni nani?"

Kyalo alikuwa amesimama na ile miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso, jasho linamtoka. "Ni huyu bibi yangu," akasema. Kisha akaniambia, "Mvua inakuja. Tembea haraka."

Walimcheka, Dada. Hakuinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyetembea nikitazama chini mpaka dukani.

Sasa mwambie Baba hakuna anayebadilisha dini. Mwambie ulikuwa ni ulimi wangu, na kwamba mkwe wake alinisitiri mbele ya ukoo mzima wakati sikustahili. Hayo mengine baki nayo wewe.

Nisalimie Mama, umwambie nitamtumia dawa ya kuchua magoti. Msalimie kaka Mwadime, asiendeshe lori akiwa na usingizi. Shangazi Mkamburi wa mboga umwambie kabichi za huku hazifikii zake. Na mume wako, shemeji yangu, umsalimie, lakini barua hii usimwonyeshe, nakuomba.

Mwende amenishika mkono anataka nimfungie viatu. Naishia hapa, kwa heshima na haya nyingi.

Mdogo wako,
Wakio